Nilivyofanya simu na kompyuta ya dukani zikopi na kupesti pamoja, bila bando

"Jitumie WhatsApp." Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo, wengine hata kabla sijamaliza kuuliza. Fundi wa simu wa mtaa wa pili, shemeji yangu anayesifika kwa kompyuta, kijana wa kuweka programu pale stendi, wote jibu moja. Na swali langu lilikuwa jepesi tu: nikikopi maandishi kwenye simu, nayapestije kwenye kompyuta pale pale? Na nikikopi kwenye kompyuta, nayapataje kwenye simu? Leo dukani kwangu yote mawili yanafanyika, kutwa nzima, hata bando likikata, na sijamlipa mtu shilingi kwa ajili ya programu. Naandika kwa sababu ule ushauri ulikuwa mbaya, ulinichelewesha, na bado watu wanapewa huo huo kila siku.

Nina steshenari hapa Morogoro. Fotokopi na kulaminisha vipo, lakini kinachojaza benchi siku hizi ni maombi ya mtandaoni: mkopo wa HESLB, cheti cha kuzaliwa cha RITA, maombi ya ajira serikalini, TIN ya TRA. Fomu nyingi kati ya hizo zinataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, hizo haziniumizi kichwa maana mtu anaijua siku yake. Shughuli iko kwenye zile 12 za nyuma, pale sifuri zinapoanza kufuatana. Wengi kadi hawana mkononi, wana namba tu kwenye meseji, na wanakusomea.

"Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri…"

"Mama, sifuri ziko ngapi hapo?"

"Nyingi, mwanangu."

Basi unamwomba akutumie ile meseji usome mwenyewe. Anakutumia. Sasa namba iko kwenye simu yako, imekamilika, haijapotea hata tarakimu moja, na kompyuta iko mbele yako. Halafu unaanza kuchapa moja moja huku macho yanaruka kutoka skrini ndogo kwenda kubwa. Makosa yanaingilia hapo. Mwanafunzi wa mkopo ana pia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne: S mbele, namba ya shule, mkwaju, namba ya mtahiniwa, mkwaju, mwaka. Ukikosea kimoja, mfumo unakataa au unakuletea jina la mtu usiyemjua, na foleni yote inakutazama.

Kurudi nako ni vile vile. Ukimaliza fomu, kompyuta inakutolea kontroli namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Mteja anataka alipie kwa simu hapo alipo, au baba yake alipie akiwa Kilosa. Namba iko kwenye kompyuta, inatakiwa ifike kwenye meseji. Wenzangu wengi wanaandika kwenye kikaratasi. Kikaratasi! Kwa mwandiko wa haraka, moja na saba nani anazitofautisha?

Sasa hiyo WhatsApp. Siikatai kwa mtu aliyeko nyumbani na kompyuta yake mwenyewe. Tangu Novemba 2022 waliweka hata sehemu ya kujitumia ujumbe, na kabla ya hapo watu walikuwa wanafungua kundi la mtu mmoja. Lakini dukani? Kompyuta ya duka inatazamwa na kila anayekalia kiti cha mteja. Ukiiacha WhatsApp imefunguka pale, meseji za mama mkwe, za mwenye nyumba, za kikoba, zote zinadondoka kwenye skrini huku mtu anakagua fomu yake. Ukiamua kuifunga na kuifungua, unaskani msimbo wa QR kutwa. Na kila kitu kinakula bando: namba inatoka mezani kwangu, inasafiri hadi kwenye seva za ng'ambo, inarudi kwenye meza ile ile.

Kubwa kuliko hayo, baada ya muda unakuwa na lundo la namba za NIDA, majina na tarehe za kuzaliwa za watu wa mtaa mzima, zimelala kwenye soga lako binafsi. Hilo mimi linaninyima raha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sisi wa steshenari tunashika taarifa za watu kutwa kucha. Mama wa watu amekupa namba yake kwa sababu amekuamini. Unaiachaje izagae?

Wengine walinielekeza kwenye tovuti za kubandika maandishi. Unabandika kwenye simu, unapewa kiungo kifupi, unakifungua kwenye kompyuta. Nilijaribu moja kwa maneno ya salamu tu, nikaona yanasomeka na yeyote mwenye kile kiungo, nikaifunga hapo hapo. Mwingine akaniambia nichomeke waya. Waya unahamisha mafaili, picha na nyimbo. Neno ulilokopi halipiti humo. Na kaka mmoja, mteja wangu mzuri, akasema ninunue iPhone na Mac, kwa sababu Apple walishalimaliza jambo hili tangu 2016. Ni kweli, walilimaliza vizuri, unakopi huku unapesti kule. Ila kwa hela ya hivyo viwili mimi naongeza mashine ya pili ya fotokopi, na ya kwanza bado nina deni lake.

Shida yenyewe ni ya zamani. Larry Tesler na wenzake walioleta kukata, kukopi na kupesti pale Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko California, miaka ya 1970, walikuwa wanamfikiria mtu mmoja mbele ya skrini moja. Hata iPhone yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 2007 bila kopi na pesti, ikaipata 2009. Ulichokopi kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa hicho hicho, na kifaa cha jirani hakina habari. Lazima awepo wa kukibeba. Kwa hiyo kinachobaki ni kuchagua: nani unamkubali abebe?

Mbebaji wa kwanza niliyemjaribu alikuwa kibodi. Windows 10, tangu mwishoni mwa 2018, ina historia ya vitu ulivyokopi. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na V unaiona, na inaweza kusawazishwa kupitia akaunti ya Microsoft. Kibodi ya SwiftKey ya Android ikaunganishwa nayo mwaka 2021. Unaingia akaunti ile ile pande zote, unawasha usawazishaji, imekwisha. Inafanya kazi, na mwanafunzi mwenye laptopu yake namshauri aitumie bila wasiwasi. Kwangu ilikwama kwa sababu haisawazishi bila intaneti, na kila ninachokopi kinapitia wingu, yaani seva za mtandaoni. Nikaitoa nikaendelea kutafuta. Nilikuwa na uhakika jibu lipo, maana simu na kompyuta ziko meza moja na zote zina waifai. Kwa nini zisiongee zenyewe?

Jibu linaitwa KDE Connect. Ni programu huria, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Albert Vaca ndani ya mradi wa KDE, wale watu wa Linux, mfumo huria wa kompyuta. Siku hizi ya Windows ipo, na ya Android ipo Play Store na F-Droid, duka la programu huria. Inapitisha vitu kwenye mtandao wa ndani, kifaa kwa kifaa, vikiwa vimesimbwa ili mtu wa njiani asivisome. Haiulizi akaunti wala barua pepe. Unaweka huku, unaweka kule, unaoanisha, unakubali, dakika chache tu. Ndivyo wanavyosema wote walioelezea. Kwangu zile dakika chache zilikula siku nzima, na kwenye hiyo siku ndiko kuna faida, kwa hiyo nitaisimulia yote.

Simu haikuiona kompyuta, kompyuta haikuiona simu. Zote ziko kwenye waifai ya ruta ya duka, zote zinafungua tovuti vizuri, lakini orodha ya vifaa tupu. Nikamwita fundi. Akazima ruta, akawasha, akasubiri, akazima tena. Kisha akasema, "Dada, hii ruta imechoka, nunua mpya," na bei aliyoitaja ilikuwa laki na zaidi. Nikamshukuru, nikampa ya soda, akaenda. Ruta iliyochoka ingenipaje intaneti nzuri vile tangu asubuhi?

Nikafanya jaribio langu mwenyewe. Kila kifaa kwenye waifai kina anwani yake ya IP, namba inayokitambulisha. Ya simu nikaitazama kwenye maelezo ya waifai, nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ping, amri ya kukiita kifaa uone kama kinajibu, na ile anwani. Hakuna jibu. Nikarudia, hakuna. Nikaandika ping na anwani ya ruta: inajibu papo hapo. Nikachomoa waifai kwenye kompyuta nikachomeka waya kutoka kwenye ruta, nikarudia yote, matokeo yale yale. Hapo nikajua. Ruta inaongea na kila kifaa peke yake, lakini imevikataza vifaa visiongee vyenyewe kwa vyenyewe. Ni mpangilio halali kabisa, unafaa hotelini na mgahawani ili mgeni wa meza hii asichungulie simu ya mgeni wa meza ile. Ruta nyingi zinakuruhusu kuuzima. Yangu ilikuja imefungwa na walioniuzia. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio unakuta jina la waifai na nywila, basi. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaukariri, mwisho dada wa upande wa pili akaniambia nizime ruta na kuiwasha.

Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nalifurahia. Ruta haitaki? Iondoke katikati. Nikawasha hotspoti ya simu na kuzima data. Wengi hawajui kwamba hotspoti inawaka hata bila data: simu inageuka kuwa ruta yenyewe, intaneti ya kugawa haina, lakini mtandao wa ndani upo kamili. Kompyuta nikaiunganisha hapo. Windows ikasema hakuna intaneti. Sawa, sikuihitaji kwa njia hiyo. Ule waya wa kutoka kwenye ruta nikauacha umechomekwa, uendelee kuleta intaneti ya kujazia fomu. Na kile kidude cha waifai cha USB, nilikinunua zamani kwa elfu kumi na kitu, sasa kazi yake ni moja, kuongea na simu. Kompyuta moja, njia mbili: waya unaleta HESLB na RITA, waifai inaleta namba za wateja. Asubuhi nikifungua duka nabofya kuunganisha kwa mkono, kwa sababu Windows ikishaona waya ina tabia ya kutojisumbua na waifai.

Mteja akinitumia namba kwa WhatsApp badala ya meseji ya kawaida, nawasha data kidogo naipokea. Kwa ajili hiyo, ile waifai nimeiwekea alama kwenye Windows kwamba ni ya kulipia kwa kipimo. Usipofanya hivyo, siku moja Windows itaamua kushusha masasisho kwa bando lako.

Orodha ilikuwa bado tupu. Safari hii ilikuwa faiwoli, ule ulinzi wa Windows unaochuja kinachoingia kutoka kwenye mtandao. Ukijiunga na waifai mpya, Windows huichukulia kuwa ya hadharani na kuibana. KDE Connect inapita kwenye milango ya mtandao namba 1714 hadi 1764, ya aina zote mbili, TCP na UDP, na kwenye waifai ya hadharani hiyo milango imefungwa. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo waifai, toa Public weka Private, na faiwoli ikikuuliza kuhusu KDE Connect, ruhusu. Tafadhali usizime faiwoli yote kama video nyingi zinavyoelekeza. Jirani yangu wa fremu ya pili alizima kwa ushauri wa namna hiyo na akaiacha hivyo hivyo, kompyuta inayoshika vyeti vya watu! Nilimwashia mimi.

Kama baada ya hapo bado hazionani, kwenye simu gonga vitone vitatu vya KDE Connect, kuna sehemu ya kuongeza kifaa kwa anwani ya IP. Andika ya kompyuta, unaipata kwa amri ya ipconfig. Angalia tu usichukue ile ya waya, chukua ya waifai.

Nikakopi kontroli namba kwenye kompyuta. Nikashika simu, nikafungua meseji, nikabonyeza kwa muda mrefu, bandika. Tarakimu zote 12 zikakaa. Nikamwita binti ninayefanya naye kazi aje aone.

"Dada, imetokea wapi?"

Akaichukua simu akaigeuza, anatafuta waya.

Lakini kutoka simu kwenda kompyuta haikwenda yenyewe. Kila nikikopi, inabidi nishushe arifa ya KDE Connect nibonyeze kitufe cha kutuma ubao wa kunakili, yaani ile kumbukumbu ya muda yenye nilichokopi. Wengi wanaishia hapo na kusema programu mbovu. Programu haina ubovu. Android 10, ya mwaka 2019, ilikuja na sheria: programu iliyoko nyuma hairuhusiwi kusoma ulichokopi, anayeruhusiwa ni programu iliyofunguka mbele yako na kibodi unayoandikia. Mimi sheria hiyo naiunga mkono, maana kabla yake programu ya tochi uliyoishusha bure iliweza kukaa kimya nyuma na kusoma chochote ulichokopi. Kuandika kwenye ubao wa simu kutokea nyuma hakujakatazwa, ndiyo maana za kutoka kwenye kompyuta zilikuwa zinaingia bila kuuliza. Kilichofungwa ni kusoma.

Watengenezaji wa KDE Connect wameacha mlango kwa mwenye simu anayetaka kuufungua mwenyewe, na huu mlango ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unahitaji zana ndogo za Google zinazoitwa platform-tools, faili dogo tu, linashuka kwa bando la mia tano na chenji inabaki. Kwenye simu, Kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara saba, menyu ya wasanidi programu itajitokeza kwenye mipangilio, humo washa Utatuzi wa USB. Kisha waya. Na waya ulinisumbua kweli: niliotumia wa chaja, simu inajaa chaji, kompyuta haioni kitu. Nyaya nyingi za mtaani zina njia ya umeme pekee, ya data haimo. Nikajaribu zote zilizokuwa kwenye droo mpaka mmoja uliochakaa, wa simu niliyoacha kuitumia zamani, ukakubali. Amri zenyewe ni hizi, ziandikwe kama zilivyo kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, likiwa limefunguliwa ndani ya folda ya zile zana:

adb shell pm grant org.kde.kdeconnect_tp android.permission.READ_LOGS

adb shell appops set org.kde.kdeconnect_tp SYSTEM_ALERT_WINDOW allow

adb shell am force-stop org.kde.kdeconnect_tp

Ya kwanza inairuhusu KDE Connect kusoma kumbukumbu za mfumo wa simu. Ya pili inairuhusu kufungua dirisha juu ya programu nyingine. Ya tatu inaizima ili ukiifungua upya ianze na ruhusa zake. Ruhusa zinabaki hata ukizima simu na kuiwasha. Ukiifuta programu ndipo zinaondoka nayo.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi. Unapokopi kitu, KDE Connect iliyoko nyuma inajaribu kusoma. Android inaikatalia, na kama karani mwaminifu inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba programu yenye jina hili imenyimwa ubao wa kunakili. KDE Connect inazifuatilia zile kumbukumbu. Ikiona mstari wenye jina lake, inajua tayari kwamba mwenye simu amekopi kitu sasa hivi. Hapo inafungua dirisha lisiloonekana, kwa muda mfupi sana inakuwa ndiyo programu iliyo mbele, inasoma kwa halali, inafunga, inatuma. Yaani kule kunyimwa ndiko kunakoipa taarifa! Aliyewaza hivyo nampa heshima zangu zote. Ukiwa makini utaona kibodi inatikisika kidogo unapokopi, ndiyo yenyewe hiyo.

Kusoma kumbukumbu za mfumo ni ruhusa nzito, na nisingeitoa kwa programu yoyote ninayoikuta tu. Kwa hii nimeitoa kwa sababu msimbo wake uko wazi na umekaguliwa na watu wengi kwa miaka, na kwa sababu haipeleki kitu nje ya meza yangu. Wewe amua kwako.

Jambo jingine: simu nyingi za bei yetu zinaua programu zilizoko nyuma ili kulinda chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiondoe KDE Connect kwenye orodha hiyo, vinginevyo asubuhi itafanya kazi na mchana itakuwa imekufa, utadhani imeharibika.

Siku hizi mteja akikaa, nafungua meseji yake, nakopi namba ya NIDA, nakopi namba ya mtihani, nakopi namba ya simu ya mzazi, vyote kwa mfululizo. Halafu nageukia kompyuta, Windows na V, vimejipanga vyote vitatu, nabofya kila kimoja kwenye kisanduku chake. Historia ile inashika hadi vitu 25, inatosha fomu yoyote ya hapa kwetu. Mteja akiinuka nabofya kufuta vyote kabla mwingine hajakaa, na binti wangu naye nimemzoesha. Hili msiliache, kwa sababu aliyekaa kwenye kompyuta yako anaweza kubonyeza Windows na V kama wewe. Na namba za siri za benki au za M-Pesa hazikopiwi kamwe, kwenye kifaa chochote.

Nimepata na faida ambayo sikuitafuta. Picha za pasipoti nilikuwa napiga kwa simu na kuzipitisha WhatsApp, zinafika zimeminywa, kwenye karatasi uso unakuwa na ukungu. Ubao wa kunakili hapa ni wa maandishi, ila picha ukibofya kushiriki ukachagua KDE Connect inaingia kwenye kompyuta na ukubwa wake wote, na intaneti haiguswi. Wateja wameona tofauti bila kuambiwa. Kuna mwalimu mmoja anavuka steshenari mbili kuja kupiga kwangu.

Simu ya binti nayo nimeioanisha, inaingia kwenye hotspoti yangu kama kompyuta. Akiacha kazi, naitoa kwenye orodha siku hiyo hiyo. Unapooanisha, zile herufi za uthibitisho zinazotokea pande zote mbili zisome uone kama zinafanana, usikubali tu kwa haraka.

Simu yangu ni ya Android 11. Wenye Android 13 kwenda juu, zile amri zinakubali, lakini mfumo utawauliza upya kama KDE Connect isome kumbukumbu, na ruhusa ni ya mara moja moja, inachosha. Kwao njia nzuri ni kuongeza kigae, yaani kitufe, cha kutuma ubao wa kunakili kwenye ile mipangilio ya haraka ya juu: unakopi, unashusha, unagonga, imefika. Mwenye iPhone na kompyuta ya Windows naye KDE Connect yake ipo tangu 2022, na kutuma kwake pia ni kwa kubonyeza.